Majaji Wanane na Imani ya Muhammad Ali

Kuna bishano moja ambalo nimelisikia barazani tangu sijaota ndevu, na mpaka leo halijapata mshindi. Bishano lenyewe ni juu ya Muhammad Ali, yule bondia, na namna alivyonusurika na jela ya Wamarekani. Mzee mmoja husema, huku kahawa ikimpoa mkononi, kwamba majaji wa Marekani walimwachilia kwa sababu walitambua kuwa Uislamu ni dini ya haki. Mwingine humjibu papo hapo: "Haki gani, ami? Walimwogopa. Mtu kama yule ukimfunga, weusi wote watamwagika barabarani." Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye alipaye kahawa ya wote, hukata maneno kwa kusema kuwa ilikuwa ni kudra ya Mola, na hapo watu hunyamaza mpaka muuza kahawa agonge vikombe vyake tena.

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa upande wa mzee wa kwanza. Baadaye nikapata nafasi ya kuisoma hukumu yenyewe, pamoja na yale yaliyokuja kuandikwa juu ya mambo yaliyopita faraghani katika mahakama ile. Nimeona kwamba wazee wetu wote watatu wamegusa, lakini hakuna aliyeshika.

Kwa ajili ya vijana yafaa tuanze mwanzo. Ali alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky, akapewa jina la Cassius Clay. Tarehe 25 Februari 1964 alimshinda Sonny Liston akatwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa juu, na mara baada ya pigano lile akatangaza kuwa yeye ni Mwislamu. Jamii aliyojiunga nayo ni ile ya Elijah Muhammad, ambayo maulamaa wengi waliitilia shaka kubwa kwa mafundisho yake juu ya rangi za watu, na juu ya cheo alichojipa Elijah mwenyewe. Ali aliingia katika Uislamu wa Kisunni baada ya Elijah kufariki mwaka 1975. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana litarudi.

Mwaka 1964 jeshi lilimpima Ali katika mtihani wa kusoma na hesabu, likaona hafai. Mapema mwaka 1966, vita vya Vietnam vikila vijana kwa wingi, kiwango cha mtihani kikateremshwa, na yule asiyefaa ghafula akawa anafaa. Ali aliomba asamehewe kwa ajili ya dini yake. Sheria ya Marekani iliruhusu msamaha huo, lakini kwa masharti matatu: mwombaji awe anapinga vita vya kila namna, upinzani wake uwe umetokana na dini, na awe mkweli wa moyo. Serikali ilimteua jaji mmoja mstaafu wa Kentucky, Lawrence Grauman, amsikilize. Watu wengi walidhani mzee yule mweupe wa kusini atamtupa nje. Yeye akamsikiliza, akaandika kwamba kijana huyu ni mkweli, asamehewe. Wizara ya Sheria haikufuata ushauri wake. Iliiandikia bodi ya rufani ya uandikishaji kwamba Ali hakutimiza hata sharti moja kati ya yale matatu, na bodi ikamkatalia bila ya kutaja sababu.

Neno hilo, "bila ya kutaja sababu", ndilo lililokuja kuwa msumari wa kesi nzima.

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, jina lake la zamani liliitwa ili apige hatua moja mbele, nayo hatua hiyo ndiyo ingemfanya askari. Alisimama pale pale. Siku ile ile halmashauri ya ndondi ya New York ilimfutia leseni. Tarehe 20 Juni baraza la wazee wa korti, weupe watupu, lilikaa dakika 21 tu likamwona ana hatia, na Jaji Joe Ingraham akampa adhabu ya juu kabisa iliyoruhusiwa na sheria: kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Aliachwa nje kwa dhamana akisubiri rufani, lakini pasipoti yake ilichukuliwa. Hivyo bingwa wa dunia hakuweza kupigana kwao wala kwenda kupigana kwa watu. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Sasa tuitazame hiyo mahakama aliyokuwa anaiendea. Kwetu sisi kadhi humjua. Wajua kwao ni wapi, alisoma kwa sheikh gani, na ukimkuta sokoni mwaamkiana. Mahakama ya Juu ya Marekani ni majaji tisa, na idadi hiyo haijabadilika tangu mwaka 1869. Raisi huwateua, Seneti huwaidhinisha, na wakishakaa hawaondoki mpaka wafe, wajiuzulu au washitakiwe Bungeni na kutiwa hatiani. Hawana askari wala hazina. Hata uwezo wao mkubwa kuliko wote, wa kuitangaza sheria ya Bunge kuwa ni batili kwa kupingana na Katiba, haukuandikwa waziwazi katika Katiba yenyewe. Jaji Mkuu John Marshall ndiye aliyeusema mwaka 1803, na wenziwe wakakubali, na nchi ikauzoea. Raisi Franklin Roosevelt, alipochoshwa na majaji waliokuwa wakivunja sheria zake, alitaka mwaka 1937 kuongeza viti hadi sita katika mahakama hiyo. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa katika Seneti, na bado Seneti ikamkatalia.

Na hii ndiyo desturi ya Wamarekani inayomshangaza mgeni. Ugomvi ambao kwengine ungeishia chamani au barabarani, wao huupeleka kortini, kisha huwatukana majaji kwa hukumu, kisha hutii. Si mara zote wametii kwa hiari. Mwaka 1954 mahakama iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule ni kinyume cha Katiba, na mwaka 1957 ilibidi Raisi Eisenhower atume wanajeshi mjini Little Rock ili watoto tisa waingie darasani.

Wakili aliyeishinda kesi ile ya shule ni Thurgood Marshall, mtu mweusi ambaye sisi wa Kenya tuna deni kwake. Mwaka 1960 alikuja kwenye mkutano wa Lancaster House, London, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika, akaandika mswada wa haki za raia kwa ajili ya katiba ya nchi iliyokuwa bado haijazaliwa. Cha kupendeza ni kwamba katika mswada ule alijitaabisha sana na haki za wachache, Wazungu na Wahindi, yeye ambaye kwao alikuwa miongoni mwa wachache wenye kuonewa. Tarehe 13 Juni 1967 Raisi Johnson alimteua kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Hesabu mwenyewe, msomaji: ilikuwa wiki moja kamili kabla ya Ali kuhukumiwa Houston.

Mtu angetarajia kwamba hapo Ali amepata mtetezi. La. Marshall alikuwa wakili mkuu wa serikali mbele ya mahakama ile wakati mambo ya Ali yalipoanza, kwa hivyo kesi ilipofika mbele ya majaji alijitoa. Hakusikiliza wala hakupiga kura. Ndiyo maana nasema majaji wanane.

Rufani ilichukua miaka. Mwaka 1968 mahakama ya rufani iliithibitisha hukumu. Mwaka 1969 ikafichuka kwamba serikali ilikuwa imetega simu kinyume cha sheria, na baadhi ya mazungumzo ya Ali yakanaswa, pamoja na yale aliyozungumza na Martin Luther King; kesi ikarudishwa chini ichunguzwe. Mwezi wa Septemba 1970 jaji mmoja wa New York, Walter Mansfield, aliamuru Ali arudishiwe leseni. Mawakili walikuwa wamefukua madaftari ya halmashauri ya ndondi wakaonyesha kwamba imewapa leseni watu wengi waliotiwa hatiani, wakiwemo wabakaji na askari waliotoroka jeshini. Je, iweje huyu mmoja tu, aliyekataa kwa ajili ya dini, ndiye anyimwe? Hiyo kwangu ndiyo hukumu safi kuliko zote katika mkasa huu, na ndiyo isiyotajwa barazani kabisa.

Halafu ikaja tarehe 8 Machi 1971. Usiku wa siku hiyo Ali alishindwa na Joe Frazier katika ukumbi wa Madison Square Garden, na dunia nzima ilikesha kwa habari hiyo. Lakini mchana wa siku hiyo hiyo, jambo ambalo wachache waliliangalia, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya watu wengine ikasema kwamba mwenye kupinga vita fulani tu, na si vita vyote, hana msamaha. Nadhani ngumi hii ya pili ilikuwa nzito kuliko ya Frazier.

Kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa Ali. Alikuwa amesema kwamba Mwislamu hapigani vita ila vile alivyoamrishwa na Mwenyezi Mungu. Serikali ikashika hapo hapo: basi kuna vita ambavyo angepigana, kwa hivyo hapingi vita vyote, kwa hivyo sharti la kwanza limevunjika. Mawakili wa Ali walikuwa na jibu. Mwaka 1955 mahakama iyo hiyo ilimwokoa mtu wa madhehebu ya Mashahidi wa Yehova aliyesema kwamba atapigana siku Mungu mwenyewe atakapoamuru. Majaji wale waliona kwamba vita vya namna hiyo sivyo Bunge lilivyokusudia. Ikiwa Shahidi wa Yehova alisamehewa kwa hilo, kwa nini Mwislamu asisamehewe?

Kesi ilisikilizwa tarehe 19 Aprili 1971. Majaji walipokaa faragha kupiga kura, watano walisema Ali afungwe na watatu wakasema aachwe. Kazi ya kuandika hukumu ya kumfunga akapewa Jaji John Marshall Harlan. Huyu alikuwa mtu wa kihafidhina, aliyewekwa na Eisenhower, mgonjwa, macho yake yamekaribia kuzima. Majaji wa kule huwa na makarani, mawakili vijana waliofaulu sana masomo, ambao huwasomea na kuwaandikia. Karani mmoja wa Harlan alikuwa amesoma kitabu cha maisha ya Malcolm X, yule aliyepita Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1964, akamsihi mzee asome pia kitabu cha Elijah Muhammad kabla ya kuandika. Mzee akasoma. Akafahamu kwamba vita alivyovitaja Ali havikuwa vita vya bunduki vya siku hizi, vilikuwa jambo la itikadi, na kwamba Wizara ya Sheria ilikuwa imeyapotoa mafundisho yale. Akawaambia wenzake kuwa amegeuza kura yake.

Yakawa manne kwa manne. Kwa desturi yao, kura zikilingana hukumu ya chini husimama, wala sababu haiandikwi. Kwa maneno mengine, Ali angekwenda jela na asijue kwa nini.

Majaji wengine hawakuwa tayari kumfuata Harlan. Inasimuliwa kwamba waliogopa kufungua mlango, kila kijana mweusi aingie katika jamii ya Elijah ili aepuke Vietnam. Hapo mzee wetu wa pili hakukosea sana aliposema kulikuwa na woga, ingawa haukuwa woga wa ghasia. Ndipo Jaji Potter Stewart akatafuta njia ya kando. Mbele ya mahakama serikali ilikuwa imekiri kwamba Ali ni mkweli na kwamba upinzani wake unatokana na dini. Basi mashauri mawili kati ya matatu ambayo Wizara iliipa bodi yalikuwa makosa. Na kwa kuwa bodi haikutaja sababu, nani ajuaye kama haikumkatalia kwa yale mawili ya makosa? Hukumu iliyosimama juu ya msingi usiojulikana haiwezi kusimama.

Wote wanane wakakubali, na tarehe 28 Juni 1971 hukumu ikavunjwa. Majaji waliitoa bila ya jina la mwandishi. Jaji William Douglas peke yake aliongeza maandishi marefu kidogo yanayoieleza jihadi na kuilinganisha na vile Wazungu wanavyoviita vita vya haki. Yeye alisema waziwazi kwamba Ali anapinga vita fulani tu, na kwamba hata hivyo ana haki ya kusamehewa. Lakini hayo yalikuwa ya Douglas mwenyewe. Hukumu ya mahakama haikusema Uislamu ni dini ya haki, wala haikusema Ali alistahiki kuachwa. Ilisema bodi haikutaja sababu.

Nilipousoma ukweli huo nilivunjika moyo, sifichi. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kuwa babu yake alishinda vita, kumbe adui alikosea njia. Nilikwenda nikamsimulia ami yangu mmoja, mtu aliyewahi kukaa na makadhi na anayejua mambo ya ushahidi. Hakuvunjika moyo hata kidogo. Aliniuliza, "Je, walimuuliza kama Uislamu wake ni sahihi?" Nikamjibu kwamba hawakumuuliza, korti zao hazina ruhusa ya kupima dini ya mtu kama ni ya kweli au ya uongo, hupima tu kama yeye mwenyewe anaiamini. Akacheka. "Basi ashukuru alishitakiwa kule. Wakati ule angeletwa mbele yetu sisi, tungeanza na Elijah, na mpaka leo tungekuwa bado twajadili."

Maneno yake yamenikaa. Na tangu hapo nimezitazama hukumu nyingine za mahakama ile zinazowahusu Waislamu. Tarehe 20 Januari 2015 majaji wote tisa walikubaliana kwamba mfungwa Mwislamu katika jimbo la Arkansas ana haki ya kufuga ndevu za nusu inchi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, wanane kwa mmoja, walimpa haki msichana wa Oklahoma aliyenyimwa kazi dukani kwa sababu ya mtandio wake. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Antonin Scalia, mhafidhina mkubwa. Lakini tarehe 26 Juni 2018, serikali ilipoleta amri ya Raisi Trump ya kuwazuia watu wa nchi kadhaa kuingia Marekani, nyingi zikiwa za Kiislamu na miongoni mwake Yemen na Somalia, majaji waliipitisha watano kwa wanne. Sisi watu wa pwani twajua ni nyumba ngapi zenye ndugu Yemen na Somalia. Raisi Biden aliifuta amri hiyo siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2021, na Trump aliporudi akatoa nyingine mwezi wa Juni 2025, Yemen na Somalia zikiwemo tena.

Katika kura ile ya 2018, wote watano waliwekwa na maraisi wa chama cha Republican, na wote wanne na wa chama cha Democratic. Katika kesi ya Ali usingeweza kuwagawa hivyo. Kitu kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni namna ya kuwaweka majaji. Scalia aliidhinishwa na Seneti mwaka 1986 kwa kura 98 bila ya upinzani, ingawa kila mtu alijua msimamo wake. Mwaka 2016 Seneti ya Republican ilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland aliyeteuliwa na Raisi Obama, kwa hoja kwamba uchaguzi umekaribia. Mwaka 2020 Seneti hiyo hiyo ilimwidhinisha Amy Coney Barrett kwa kura 52 dhidi ya 48, ikiwa imebaki wiki moja tu uchaguzi ufanywe, na hakuna Mdemocratic hata mmoja aliyemuunga mkono. Kiti cha jaji kimekuwa kama kiti cha ubunge, ila hiki hakina muda. Nashindwa kuwaza leo jaji wa huko, awe wa upande wowote, apewe kazi ya kuandika hukumu ya kumfunga mtu kama Ali, kisha akae akisomewa vitabu vya Elijah Muhammad, na asubuhi yake ageuze kura. Huenda wapo. Sijamsikia.

Ali mwenyewe habari ilimkuta Chicago. Alipoulizwa kama atawashitaki waliomtesa, alisema hapana, wao walifanya waliloliona sawa na yeye alifanya aliloliona sawa. Miaka tisa baadaye serikali ile ile iliyomnyang'anya pasipoti ilimpa ndege. Mwezi wa Februari 1980 Raisi Carter alimtuma Afrika awashawishi viongozi wasusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Nairobi alipokelewa vizuri.

Juzi nililirudisha bishano lile barazani nikawaeleza wazee yote haya, karani na vitabu na bodi isiyotaja sababu. Wa kwanza alinuna. Wa pili akasema, "Sikuwaambieni?" Wa tatu akauliza kwa utulivu: tangu alipompiga Zora Folley Machi 1967 mpaka aliporudi ulingoni Atlanta Oktoba 1970, ile miaka mitatu na miezi saba ya nguvu zake, korti iliamuru nani amlipe? Nikamwambia hakuna. Mkanda wake wenyewe haukurudishwa na jaji yeyote; aliufuata kwa ngumi mpaka Kinshasa, mbele ya George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974. Mzee akatia mkono mfukoni akalipa kahawa.